Kodi kwanza, mapigo baadaye? Nani kawadanganya!

Karibu kila mwanafunzi mpya wa gita anakuja na sentensi ileile, "mwalimu ngoja kwanza nizijue kodi zote, mapigo yatakuja yenyewe". Kodi hapa ni chords, noti kadhaa zinazolia pamoja, na mapigo ndo rhythm. Jamani hayaji! Mtu anajifungia ndani mwaka mzima, G anayo, C anayo, mpaka F ya kubana nyuzi zote inalia safi, siku akiambiwa ampigie mtu anayeimba anaachwa kwenye mataa, kwa sababu kila akibadilisha kodi anasimama kidogo kutafuta vidole. Na yeye mwenyewe hasikii kama kasimama, anayeimba ndo anasikia.

Tatizo ni kwamba ukijifunza kodi bila mapigo, mkono wa kulia unazoea kuusubiri wa kushoto. Inatakiwa kinyume kabisa, wa kulia ndo bosi. Unahesabu kwa sauti, moja na mbili na tatu na nne na, mkono unashuka kwenye namba unapanda kwenye "na", na hausimami hata pale ambapo hutaki mlio, unapita tu hewani bila kugusa nyuzi. Hilo la kupita hewani watu wanalidharau kweli ila ndilo linalokubakiza kwenye taimu. Kodi ikichelewa piga nyuzi wazi, au gusa hata mbili tu, mradi mkono uendelee. Na kuachia vidole kwenye ile "na" ya mwisho baada ya nne ili uwahi kodi inayofuata siyo kosa, wazoefu wanafanya kila siku na msikilizaji wala hana habari.

Dawa yangu, ambayo wanafunzi wanaichukia: laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi zote bila kukandamiza, usishike kodi yoyote, weka metronomu (kile kifaa kinachogonga taimu) kwenye 60, yaani mapigo 60 kwa dakika, halafu piga chaka chaka chaka mpaka mkono utulie. Hapo ndo unaingiza kodi mbili, Em na C zinatosha, kila moja mapigo manne. Ukikosea usirudi mwanzo!! Dakia "moja" inayokuja, kwani bendi itakurudia wewe?

Eti metronomu inakufanya uwe roboti. Maelzel, fundi wa Kijerumani, kaisajili 1815 na wanamuziki wenye hisia hawajaisha mpaka leo. Hisia gani hiyo inayoanza taratibu na kumaliza mbio?

"Sisi Waafrika mapigo yako kwenye damu." Siyo damu, ni masikio na miili iliyozoezwa na ngoma na nyimbo tangu utotoni, na vidole vyako havikuwepo kwenye hayo mazoezi. Kucheza rumba vizuri ukumbini hakukupi mkono wa gita.

Wengine wanaona kupiga polepole ni kwa watoto. Kwenye 120 pigo moja hadi jingine ni nusu sekunde, kwenye 50 ni sekunde 1.2, na humo katikati ndo watu wanapotea. Asiyeweza 50 kwenye 120 anajificha tu.

Kupiga mguu nako siyo ushahidi wa chochote, mara nyingi mguu unaufuata mkono, vinakimbia vyote pamoja. Jirekodi kwa simu pamoja na metronomu, sikiliza kesho yake.

Halafu hii ya kusema gita la rhythm, lile la kusindikiza, ni la wasiojua solo, hapa huwa nanyamaza maana naweza kugombana na mtu. Sikiliza sebene yoyote (ile sehemu ya rumba ya Kongo ambapo magita yanachanganya na watu wanacheza) ya OK Jazz, bendi ya Franco, acha solo, tega sikio kwa yule wa nyuma anayezungusha kitu kilekile bila kuyumba, solo yote imekalia hapo. Jaribu wewe kuzungusha kipande kimoja dakika tatu tu bila kukimbia wala kuchelewa, halafu uje tuongee habari za solo.