Je, wajua? Kwa nini kinara wa darasa Marekani anaweza kukosa nafasi ya biolojia Uingereza

Chukua kijana wa Ohio, Marekani, mwenye GPA ya 4.0, yaani wastani wa alama za juu kabisa. Ni nahodha wa timu ya kikapu, anapiga fidla, na kila Jumamosi anajitolea kugawa chakula kwa wasio na makazi. Anaomba kusoma biolojia Uingereza, anakataliwa. Nyumbani watasema kabaguliwa kwa ugeni wake, au kwamba huko wanataka mtu mwenye vipaji vingi zaidi ya hivyo. Dhana hii ya pili ndiyo sugu, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Vipaji vile vyote havikuwa vimeulizwa.

Mtanzania aliyepita PCB (fizikia, kemia na biolojia) kidato cha tano na sita ataelewa upesi, maana mfumo wake una asili hukohuko. Mwanafunzi wa England akifika miaka 16 hubaki na masomo kama matatu, anayachimba kwa miaka miwili, kisha anaingia chuoni moja kwa moja kwenye fani yake. Mmarekani huendelea na masomo mengi hadi mwisho wa sekondari, na vyuo vingi vya kwao humwacha atafakari fani mpaka mwaka wa pili.

Fikiria basi la Dar kwenda Mwanza. Chuo cha Marekani hupakia abiria Dar, ndiyo maana safari yake ni miaka 4. Cha England hupakia Dodoma, safari miaka 3. GPA nzuri ni barua ya kukusifu kwamba wewe ni abiria mstaarabu, lakini haisemi kama umeshafika Dodoma. Kinachosema hivyo ni mitihani ya AP (Advanced Placement), ya kiwango cha chuo, inayofanywa sekondari na kusahihishwa nje ya shule kwa alama 1 hadi 5. Alama 5 katika AP ya biolojia na ya kemia inamwambia mhadhiri kwamba huyu hatahitaji kurudishwa Morogoro. Vyuo vyenye ushindani mkubwa huomba AP tatu au zaidi. Cambridge kwa kawaida hutaka tano, zote za alama 5. Kila chuo kina sheria zake, na vingine hupokea diploma ya sekondari ukianza na mwaka wa maandalizi. Uskoti nako shahada ni miaka 4, kwa hiyo basi lao hupakia abiria mapema kidogo, kabla ya Dodoma.

Maombi hupitia UCAS, mfumo mmoja wa nchi nzima. Unachagua kozi zisizozidi 5, na maelezo yaleyale unayoandika kujieleza husomwa na vyuo vyote. Ukiandika kwamba umeota Chuo Kikuu cha Durham tangu utotoni, umejichongea kwa vile vinne vilivyobaki. Nafasi ni herufi 4,000 tu, na kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea yamegawanywa katika maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umejiandaaje. Kisa cha bibi aliyeugua, kinachoweza kung'aa katika insha ya Kimarekani, hapa kinakula herufi. Aya kuhusu jaribio la vipande vya kiazi ulivyoloweka kwenye maji ya chumvi, na kwa nini vipimo vyako havikulingana, ina uzito kuliko unahodha.

Oxford na Cambridge haziombwi zote mbili mwaka mmoja, na mwisho wa kuomba ni 15 Oktoba, miezi kadhaa kabla ya vyuo vingi. Cambridge, kwa ukaidi wake, haina hata kozi ya kuingilia iitwayo biolojia. Unaomba Sayansi Asilia. Usaili hufanywa na wahadhiri wenyewe. Oxford iliwahi kutoa mfano wa swali: kwa nini wanyama wengi wana milia? Anayemaliza kwa kusema "kujificha" hajafika mbali. Milia ya pundamilia ina ushahidi mzuri wa kuwasumbua nzi wanaouma. Hoja ya kumchanganya simba ni dhaifu zaidi.

Hata akikubaliwa, ofa huwa na masharti. Wenzake wakishasherehekea barua zao za Machi na Aprili, yeye bado ana AP za Mei, na matokeo ni Julai.