Mtoto mchanga anahitaji mikono safi, dawa ya kwenye beseni iacheni

Wakina mama wengi wanaotuletea watoto wa wiki moja, mbili kliniki wanauliza hivi, niweke vifuniko vingapi vya ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya kumwogeshea, na jibu letu ni lile lile kila siku, usiweke hata kimoja. Maji safi ya uvuguvugu yanatosha. Na akizaliwa msikimbilie kumwogesha, Shirika la Afya Duniani linashauri msubiri angalau saa 24, ule utando mweupe mnaouona kwenye ngozi yake sio uchafu, unamlinda ngozi na joto lake.

Iko hivi. Mtoto anazaliwa na kinga ya kuazima, zile antibodi (protini za kupambana na vijidudu) alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma, nyingi zinapita miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito ndo maana njiti anakuja na chache, na akiba hiyo inapungua miezi inavyoenda. Kinga yake mwenyewe bado inajifunza, na sehemu kubwa inajifunzia kwenye utumbo kwa wale bakteria wa kwanza kufika, wa mama yake wakati wa kujifungua, wa ngozi akilazwa kifuani, wa kwenye maziwa. Maziwa ya mama yana aina ya sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, na ni nyingi kweli, kazi yake ni kulisha bakteria wanaoitwa bifidobakteria, hao wakishashika nafasi utumbo unakuwa na asidi, vijidudu vya kuharisha vinakosa pa kukaa, na kinga inazoea kutulia kwa vitu visivyo na madhara. Sasa mtu anakamua yale maziwa ya njano ya mwanzo anayamwaga eti machafu, jamani, hapo kamwaga antibodi za kukinga ukuta wa utumbo, inauma sana kuona bado linafanyika. Na amoksilini, ile antibiotiki ya kujinunulia duka la dawa kisa mtoto ana mafua, inaua na hao bakteria wazuri.

Najua kuna watakaosema mbona sisi tulikula udongo na tumekua. Kweli, utafiti wa Marekani uliotoka 2016 ulilinganisha watoto wa jamii mbili za Kikristo za wakulima, Waamishi, ambao mazizi yao yako karibu na nyumba, na Wahutterite wanaolima kwa mitambo mikubwa mbali na makazi, asili yao inafanana ila pumu ilikuwa asilimia 5 kwa Waamishi na 21 kwa wenzao, na vumbi la nyumba za Waamishi lilionekana kuhusika. Lakini vumbi la zizini na kinyesi mdomoni ni vitu viwili tofauti kabisa. Vijijini Zimbabwe watafiti walikaa masaa wakiangalia watoto wadogo wanatia nini mdomoni, wapo waliokula udongo wa uani na wapo waliokula kinyesi cha kuku. Mtoto anayemeza hivyo kidogo kidogo kila siku anaweza asiharishe, ila utumbo unavimba taratibu, virutubisho haviingii vizuri mwilini, na inatajwa kuwa moja ya sababu chanjo ya matone ya rota, ya kukinga kuharisha, inafanya kazi pungufu kwenye nchi zetu kuliko Ulaya.

Bungoma, Kakamega na Vihiga kule Kenya kuna utafiti ambao familia zilipewa vyoo bora, klorini ya maji na sehemu za kunawa, matokeo ya 2018 yakaonyesha watoto hawakurefuka kuliko wengine, waliorefuka kidogo ni wale waliosaidiwa kwenye lishe. Kwa maoni yangu ni kwa sababu uani kuku walikuwa bado wapo na mtoto bado anatambaa pale pale.

Kwa hiyo kuku wasilale chumba cha mtoto, atandikiwe mkeka unaosafishwa, na kila anayetaka kumbeba, awe bibi au mgeni, anawe kwa sabuni kwanza, wewe mama ukishambadilisha nepi unanawa kabla ya kunyonyesha. Kitovu kiachwe kikavu, majivu hapana, mate hapana, mafuta hapana, labda dawa uliyopewa na kituo. BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio apate mapema akishazaliwa. Akikataa kunyonya, akilegea, akichemka au akipoa sana, kitovu kikiwa chekundu au kinatoa usaha, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, maambukizi kwa mtoto wa umri huo yanasambaa ndani ya masaa machache.