Klachi ya Hilux ya zamani: maneno ya gereji na ukweli wake

Hilux za injini za dizeli za 2L, 3L na 5L (ni majina ya injini, si lita) bado zinabeba mchanga, ndizi na mabomba ya maji kila kona, na klachi yake inabadilishika nyumbani. Injini imelala kwa urefu wa gari, kwa hiyo giaboksi inatoka kwa chini bila injini kushushwa. Zinahitajika spana za kutosha, jeki nzuri, siku nzima na mtu wa pili. Kazi hii huharibikia zaidi kwenye maneno tuliyopokezana bila kuyachunguza.

“Gia zikigoma kuingia, klachi pleti imekwisha.”

Hili ndilo linalowatia watu hasara kuliko yote. Pleti, ile sahani inayobanwa ili kupitisha nguvu ya injini hadi giaboksi, ikiisha huteleza: unapanda mlima na mzigo, unakanyaga mafuta, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, kisha harufu ya kuungua inakufikia kitini. Gia inayokwaruza, hasa rivasi gari likiwa limesimama, mara nyingi inakuambia jambo la kinyume, kwamba klachi haiachii. Pleti inaweza kuwa nzima kabisa.

Klachi ya Hilux hizi husukumwa kwa mafuta ya breki, kutoka masta silinda iliyo mbele ya pedeli hadi silinda ndogo ya chini iliyofungwa ubavuni mwa hauzingi (ganda la nje) ya giaboksi. Kabla hujalegeza boliti yoyote, tazama kikopo cha mafuta hayo kama yamepungua. Kisha ingia chini, funua kile kifuniko cha mpira kwenye silinda ndogo. Ukikuta majimaji ndani yake, mchawi umempata. Kagua pia pale juu ambapo fimbo ya pedeli inaingia kwenye masta. Mafuta yakivuja humo huteremkia ndani ya kabini na kulowesha zulia. Silinda mpya na kutoa upepo kwenye mfumo vinaweza kumaliza shida yote, na giaboksi ikabaki mahali pake.

Kama bado una shaka, vuta breki ya mkono kwa nguvu, weka gia ya nne, ongeza mafuta kidogo, achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Jaribu mara moja tu, kwa sababu jaribio lenyewe linaunguza pleti, na pasiwe na mtu mbele wala nyuma ya gari.

“Badilisha pleti peke yake, presha pleti bado ngumu.”

Presha pleti ndiyo inayobana pleti kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Ugumu unaousikia mkononi hauonyeshi chochote. Tazama ncha za vidole vyake: pale rilizi beringi (ile inayovisukuma unapokanyaga pedeli) inapogusa, vikiwa vimelika na kufanya mfereji, imekwisha kazi. Tazama na uso wake. Madoa ya bluu na nyufa ni alama za moto. Mimi nashauri pleti, presha pleti na rilizi beringi vinunuliwe pamoja, maana gharama kubwa iko kwenye kushusha giaboksi. Ukiwa humo, kagua beringi ndogo ya katikati ya flaiwili na sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili ya injini isitoke. Sili ikivuja, oili itafika kwenye pleti mpya, na pleti iliyokunywa oili haiponi kwa kuoshwa na petroli. Flaiwili yenye nyufa au mabonde ipelekwe kwa wachongaji wa vyuma kabla ya kufungwa tena.

Ukienda kununua vipuri Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, beba vya zamani mkononi. Hilux nyingi zimeshabadilishwa injini, hivyo kutaja jina la gari dukani hakutoshi. Linganisha upana wa pleti na idadi ya meno ya katikati.

“Pleti inaingia upande wowote.”

Haingii. Upande wenye kitovu kilichotokeza na springi huelekea giaboksi. Ukigeuza, kitovu kinaweza kugonga boliti za flaiwili, na klachi haitaachia hata ukanyage vipi. Pleti iwekwe katikati kwa kifaa chake cha plastiki, au kwa shafti ya giaboksi mbovu ya aina hiyohiyo. Boliti za presha pleti kaza kidogo kidogo kwa kukingamisha, hadi 19 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza boliti). Kwenye meno ya shafti paka grisi nyembamba tu. Ikizidi hurushwa na mzunguko hadi kwenye pleti.

“Giaboksi ikigoma kukaa, ivute kwa boliti.”

Hapa naomba usikilize vizuri. Giaboksi isiyokaa yenyewe inakuambia pleti haiko katikati au meno hayajakutana. Ukiivuta kwa boliti, unavunja sikio la hauzingi ya alumini. Ukiiacha ining’inie kwenye shafti yake, uzito wote unaegemea pleti na kuipinda. Iinue kwa jeki mpaka mwanya kati yake na injini ulingane pande zote, weka gia, kisha mwenzako azungushe taratibu shafti ya nyuma ya giaboksi huku wewe ukisukuma. Meno yakikutana, inateleza yenyewe hadi mwisho. Hilux ya magurudumu manne ina giaboksi nzito zaidi. Hiyo usiishushe kwa mikono.

“Jeki inatosha, na vumbi ni vumbi tu.”

Jeki ni ya kuinulia. Ya kulalia chini yake ni stendi za chuma, juu ya ardhi ngumu na tambarare, magurudumu yaliyo chini yakiwa yamezuiwa. Chomoa betri kabla ya kugusa stata. Vumbi la klachi usilipulize kwa upepo: pleti za zamani zinaweza kuwa na asbesto, inayosababisha saratani. Futa kwa kitambaa kilicholowa, vaa barakoa.

“Klachi mpya ichomwe kidogo ndipo ishike.”

Ukiichoma unaizeesha siku ya kwanza. Endesha kwa upole kilomita mia chache, bila mzigo mzito. Wale wanaosifiwa kwa kubalansi gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono wanaimaliza vilevile, na mguu unaopumzika juu ya pedeli unaila rilizi beringi safari nzima. Pima uchezaji wa pedeli: kwenye Hilux nyingi za zamani ni kati ya 5 na 15 mm kabla klachi haijaanza kukazana. Ikikosekana nafasi hiyo, rekebisha fimbo ya pedeli kabla ya kupakia mzigo.