Picha ya kupangwa si uongo

Wengi husema picha iliyopangwa, yenye mavazi ya kukodi na mapozi, ni maigizo matupu. Mtazame mpiga picha Omar Victor Diop wa Senegal. Katika mfululizo wake wa mwaka 2014, Diaspora, alijipiga picha akiigiza Waafrika mashuhuri wa zamani walioishi ughaibuni, akiwemo Jean-Baptiste Belley, aliyewahi kuwa mtumwa kisha akaketi katika bunge la mapinduzi la Ufaransa mwaka 1794. Mavazi ni ya enzi hizo. Ghafla unaona mpira, glavu za golikipa. Havikusahaulika studio, jamani! Mwanasoka Mwafrika barani Ulaya akifunga hushangiliwa, akikosa, mashabiki jukwaani humwigia sauti za nyani. Belley naye alishangiliwa bungeni, akaja kufia kizuizini mwaka 1805.