Umri hauoshwi kwa kuuingiza kwenye modeli

Juzi mwanafunzi mmoja wa uzamili aliingia ofisini kwangu na kompyuta kwapani, koti limefungwa hadi shingoni kama inavyotupasa Mbeya mwezi wa Julai. Alikuwa amelinganisha picha za MRI za ubongo wa watu wenye kifafa na za watu wasio nacho. Kifafa huku Nyanda za Juu Kusini si jambo la vitabuni: tunafuga nguruwe, na lava wa tegu wa nguruwe wakiingia ubongoni huacha vivimbe vinavyoleta degedege. Kwa hiyo kazi yake niliipenda kabla sijaiona.

"Mwalimu, tofauti ipo. Na umri nimeshauweka kwenye modeli, yaani hesabu yangu ya takwimu, hausumbui tena."

Nikamuuliza wasio na kifafa aliwapata wapi.

"Hapa hapa chuoni, mwalimu. Wenzangu."

Chai yangu ilipoa hapo. Wagonjwa wake walianzia miaka 38, wenzake waliishia 27. Katikati kuna pengo la miaka kumi na moja lisilo na mtu hata mmoja.

Umri hapo aliufanya kovarieti. Kovarieti, kwa asiyelizoea neno, ni kipimo cha pembeni tunachokiingiza kwenye hesabu ili athari yake isichanganyike na ile tunayoitafuta. Umri unastahili kuwemo, hilo sibishi. Ubongo wa mtu mwenye afya nao hupungua ujazo: baada ya miaka 35 hivi hupoteza karibu asilimia 0.2 kwa mwaka, na akifika 60 kasi hiyo huwa imekaribia asilimia 0.5. Upotevu unaoletwa na ugonjwa mara nyingi ni mdogo kiasi kwamba miaka kumi ya uzee wa kawaida inaweza kuufunika, au kuuigiza.

Lakini modeli inafanya nini hasa ukiipa umri? Nenda Sao Hill, kule Mufindi. Kuna vitalu viwili vya misindano, kimoja kiliwekewa mbolea, kingine hapana. Chenye mbolea kina miti ya miaka mitano hadi minane, kisicho na mbolea kina ya miaka kumi na minne hadi kumi na minane. Unataka kujua mbolea imesaidia nini. Modeli itapiga mstari wa ukuaji, itauburuza hadi umri ambao hakuna kitalu hata kimoja chenye mti wake, kisha itakupa jibu lenye desimali nne. Msimamizi yeyote wa shamba atakucheka. Anajua msindano haukui kwa mstari ulionyooka: unakimbia ukiwa mchanga, halafu unapunguza mwendo. Ubongo nao haufuati mstari ulionyooka, ila sisi hatusimami chini yake tukauona.

Umri wa makundi ukiingiliana vizuri, marekebisho yana msingi. Usipoingiliana kabisa, unachokiita marekebisho ni ubashiri. Gregory Miller na Jean Chapman waliliandika hili kwa ukali mwaka 2001, wakiwaambia wanasaikolojia kwamba hesabu ya kovarieti haiwezi kusawazisha makundi yaliyotofautiana tangu mwanzo kwa jambo lenyewe linalosahihishwa. Bado kila mwaka naletewa jedwali lenye kosa lile lile.

Kosa la pili limejificha zaidi, na nakiri nami niliwahi kulifanya. Ni kule kutoa wastani, yaani kuupunguza wastani wa umri kutoka umri wa kila mtu kabla ya hesabu. Chukua namba za kubuni: wagonjwa wana wastani wa miaka 44 na ujazo wa mililita 640 za kijivu cha ubongo (sehemu yenye miili ya seli za neva), wasio wagonjwa wana miaka 29 na mililita 685. Tofauti ghafi ni 45. Tuseme katika makundi yote mawili kila mwaka unaondoa mililita 2. Miaka 15 mara 2 ni 30, kwa hiyo zinazobaki kuulaumu ugonjwa ni 15 tu.

Jibu hilo unalipata ukitoa wastani mmoja wa watu wote. Ukimtolea kila mtu wastani wa kundi lake, 44 kwa hawa na 29 kwa wale, tofauti inarudi 45 kamili, kana kwamba umri hukuuingiza. Na balaa ni kwamba umri bado unapunguza mtawanyiko ndani ya kila kundi, kwa hiyo thamani ya p (inayopima kama tofauti kama hiyo ingeweza kujitokeza kwa bahati tu) inaweza kupendeza zaidi kuliko ya hesabu isiyo na umri. FSL na SPM, programu tunazochambulia picha za ubongo, hazitapiga kelele. Zinahesabu ulichoziandikia.

Kama mistari ya makundi mawili haiko sambamba, yaani ugonjwa unaharakisha upungufu, basi hakuna tena "tofauti ya makundi" moja. Kuna tofauti katika miaka 30 na nyingine katika miaka 50. Hapo usipotoa wastani wowote, programu itakupa tofauti ya umri sifuri: umelinganisha vichanga ambao hukuwapiga picha.

Kuna jambo ambalo miongozo ya programu hizi haiwezi kukufundisha. Umri wenyewe tunaupataje? Fungua daftari la washiriki wetu wenye zaidi ya miaka 50 uone wangapi wamezaliwa tarehe 1 Januari, na wangapi wana miaka 50, 55 au 60 kamili. Mzee mmoja wa Rungwe, baada ya shikamoo na habari za migomba, aliniambia alianza darasa la kwanza "wakati Wachina wanajenga reli." TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975. Hiyo ni miaka mitano ya kubahatisha. Nikamuuliza walipohamishiwa kijiji kipya wakati wa Operesheni Vijiji alikuwa darasa la ngapi. "La tatu, mwanangu, nakumbuka madawati tulibeba wenyewe." Tukapata mwaka.

Dakika kumi zile za kumhoji mzee zina maana kitakwimu. Umri wenye makosa ya kubahatisha hulaza mteremko wa mstari, na mteremko uliolala unasahihisha pungufu. Masalia ya uzee yanaandikwa kwenye hesabu ya ugonjwa.

Mwanafunzi wangu alitaka nimwonyeshe amri ya kuokoa data. Haipo. Pia kuna swali ambalo amri haiwezi kulijibu: mgonjwa wa miaka 55 ameishi na kifafa pengine miaka 30, na umri wake umefungamana na muda wa ugonjwa. Ukiuondoa wote, huenda unaondoa na sehemu ya unachokitafuta. Nilimwambia achore nukta za umri na ujazo, rangi mbili, kabla ya modeli yoyote. Alichora. Mawingu mawili, na pengo katikati. Alilitazama muda mrefu bila kusema neno.

Tukakubaliana aanze upya na ndugu wanaowasindikiza wagonjwa kliniki, na wauzaji wa soko la Mwanjelwa, wa kuanzia miaka 38. Jana usiku kanipigia simu: amepata akina mama watatu, wa miaka 48, 51 na 53. Wa 53 anauliza kama anaweza kuingia kwenye mashine na kilemba chake. Nikamwambia kilemba kisicho na nyuzi za chuma hakina neno, pini ndizo zibaki nje.