Mlezi Naye Ale: Malezi ya Mchana Msimu wa Korosho

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na vijiji ninavyovizungukia viko Tandahimba, mkoani Mtwara, juu kwenye uwanda wa Makonde. Mwaka una vipindi viwili ambavyo simu yangu hailali: miezi ya kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, kuanzia Juni, na miezi ya kuokota korosho, Oktoba mpaka Desemba. Mama hawezi kusema leo nabaki nyumbani. Korosho iliyodondoka ikinyeshewa inashuka daraja, na daraja likishuka bei nayo inakwenda. Kwa hiyo mtoto analazwa juu ya kanga chini ya mti, au anaachiwa dada yake wa darasa la tatu, ambaye siku hiyo shule haendi. Nimemwona mtoto wa miaka miwili macho yamevimba kwa vumbi la salfa. Mwingine alitafuna ganda la korosho mbichi, midomo ikababuka yote, maana maji ya lile ganda yanaunguza kama moto.

Ndiyo maana namheshimu sana yule bibi au dada wa kijijini anayesema, "Waleteni kwangu." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, pamoja na kanuni zake, inataka kituo chake kisajiliwe, kiwe na choo, maji salama, nafasi ya kuchezea na mlezi aliyefunzwa. Siipingi, naisimamia kila siku. Lakini mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika ripoti iliyofunga kituo kimoja kwa sababu choo kilikuwa kibovu. Wiki mbili baadaye nikawakuta wale wale watoto shambani, chini ya mikorosho. Choo bado kibovu, na mlezi hakuna. Tangu hapo, kabla sijaandika "kifungwe", najiuliza kwanza: hiki kitatengenezwa kwa pesa ya nani?

Juzi nilikaa mkekani na mlezi mmoja, akanifungulia daftari lake. Watoto 12, kila mmoja shilingi 500 kwa siku. Siku ile walikuwa wamelipa 7, yaani 3,500. Unga wa uji, karanga na sukari 1,800. Maji ndoo mbili 600, kwani huku juu maji tunanunua. Mkaa 500. Kilichobaki mkononi ni 600, kwa kazi ya saa kumi. Tukiwa bado tunahesabu, mama mmoja akaingia mbio, mtoto mgongoni.

"Shikamoo bibi. Leo sijajaliwa."

"Marahaba mwanangu. Mwache, nenda kaokote."

Anayepunguza bei ya malezi pale ni yeye, kwa kukubali kutolipwa. Wazazi wanaona ada ni nafuu, na kweli ni nafuu, lakini nafuu hiyo imetoka kwenye sahani ya bibi. Mwisho wake naujua: akichoka anaacha, au anapokea watoto 25 ili apate chochote, na hapo ubora umekwisha. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Huo mwitikio maana yake mtoto akilia aitikiwe, akionyesha kitu atajiwe jina lake, akiuliza ajibiwe. Mtu mmoja mwenye watoto 25 anaweza kuwalinda wasiingie motoni. Kuongea na kila mmoja hawezi.

Wenye ajira rasmi wana siku 84 za likizo ya uzazi kisheria. Mkulima wa korosho hana hata moja.

Pesa itoke wapi? Mlango wa kwanza ni mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake. Walezi wakiunda kikundi wanaweza kuomba, na mimi huwa nakaa nao kujaza fomu. Ila mkopo hurudishwa, na mwenye faida ya 600 kwa siku ataurudishaje? Unafaa kwa choo na tangi la maji, si kwa posho.

Posho ya mlezi, kwa maoni yangu, iko kwenye korosho yenyewe. Mkulima wa huku anajua makato ya kila kilo anayouza: ya chama cha ushirika, ya halmashauri, ya ghala. Tukiongeza shilingi 5 tu kwa kilo, chama cha msingi kinachokusanya tani 400 kwa msimu kinapata milioni 2. Kwa miezi mitatu ya kuokota, hiyo ni posho ya 100,000 kwa mwezi kwa walezi sita, na laki mbili zinabaki za unga wa uji. Najua watu wamechoshwa na makato, na wana haki. Lakini haya wangeamua wenyewe kwenye mkutano mkuu, na matunda yake wangeyaona kila asubuhi njiani kwenda shambani.

Ajenda hiyo nimeshaipeleka kwa viongozi wa chama kimoja. Wameniomba niende na lile daftari la bibi. Bibi amekubali, kwa sharti kwamba kurasa azisome yeye mwenyewe.