Tunisia: katiba ilikuwa safi, mahakama ikabaki kwenye karatasi

Watu wakisikia nafundisha sheria za katiba na kwamba nimejikita sana kwenye nchi za Kaskazini mwa Afrika, swali la kwanza huwa ni lilelile, eti hivi Waarabu na demokrasia vinaendana kweli? Mi hilo swali silipendi kabisa, manake linampa mtu jibu kabla hajaangalia chochote. Niulize kwa nini Tunisia ilifika mbali kuliko wenzake wote halafu ikarudi kulekule, hapo tutaongea mpaka asubuhi, na mimi nitaanzia kwenye viti 12 vya mahakama ambavyo havikuwahi kujaa.

Historia yenyewe mnaijua kwa hiyo naipitia chapchap. Mohamed Bouazizi, kijana wa miaka 26 aliyekuwa anauza matunda kwa mkokoteni pale Sidi Bouzid, alijichoma moto tarehe 17 Desemba 2010, akafariki Januari 4, na siku kumi baadaye Ben Ali aliyekaa madarakani tangu 1987 akapanda ndege kwenda Saudi Arabia. Oktoba 2011 wakachagua bunge la kuandika katiba lenye watu 217, Ennahda, chama chenye mrengo wa Kiislamu cha Rached Ghannouchi, ikapata viti 89, yani kilikuwa chama kikubwa kuliko vyote lakini hakiwezi kwenda peke yake, na mi naona hiyo ilikuwa bahati yao kubwa, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumburuza mwenzake.

2013 nusura kila kitu kiharibike. Februari akauawa kwa risasi mwanasiasa wa upinzani Chokri Belaid, Julai 25 akauawa mbunge Mohamed Brahmi, wapinzani wakasusia bunge, na kule Misri jeshi lilikuwa limeshampindua Rais Morsi wiki tatu tu nyuma kwa hiyo kila mtu alikuwa anawaza na sisi zamu yetu imefika. Waliookoa jahazi ni UGTT, shirikisho la wafanyakazi, pamoja na UTICA ambao ni waajiri, chama cha mawakili na ligi ya haki za binadamu, ndo hao waliopewa Nobel ya Amani 2015. Wafanyakazi na matajiri wao upande mmoja wa meza, wakiwabana wanasiasa! Ennahda ikakubali kuachia serikali, na tarehe 26 Januari 2014 katiba ikapita kwa kura 200, waliokataa 12, wanne hawakuwa na upande.

Sasa hapa ndo kwenye somo langu. Ile katiba ilikuwa imegawa madaraka kati ya rais na waziri mkuu, kila mmoja ana vyake, na waandishi wake hawakuwa wajinga, walijua hawa wawili watagombana. Kwa hiyo wakaweka Mahakama ya Katiba ya watu 12, robo tatu yao wawe wanasheria wenye uzoefu usiopungua miaka 20, na kazi wakairundikia humo karibu yote ngumu: kupima miswada, kuamua ugomvi wa mamlaka kati ya rais na waziri mkuu, kuthibitisha kwamba kiti cha urais kiko wazi, kumhukumu rais anayevunja katiba, na kusema kama hali ya dharura bado ipo au imeisha. Ukiitoa hiyo mahakama, ibara kibao za ile katiba zinaning'inia hewani, zinakuambia nenda kwa fulani na huyo fulani hayupo.

Wateuzi walikuwa watatu, bunge linachagua wanne, baraza kuu la mahakama wanne, rais wanne. Katiba ikasema mahakama iwe imeundwa ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa wabunge, ambao ulifanyika Oktoba 2014. Sheria ya kuiunda yenyewe ikaja kutoka Desemba 2015, yani muda ulishapita kabla hata hawajaanza, na wakaongeza na kifungo ambacho mi hadi leo sikielewi waliwaza nini, kwamba lazima bunge lianze ndo wengine wafuate, na bungeni mgombea apate theluthi mbili, kura 145. Ukishaandika hivyo umeshampa kila mtu kufuli lake. Nidaa Tounes, chama cha wasiotaka dini kwenye siasa, hawataki jaji anayenukia Ennahda, Ennahda hawataki msomi wanayeona ni adui wa dini, wakapiga kura, wakarudia, wakaahirisha, wakaenda likizo, na katika miaka yote hiyo aliyepita ni mmoja tu, Raoudha Ouersighni, Machi 2018. Mmoja kati ya 12. Mahakama ya mtu mmoja haikai.

(Wabongo msicheke sana. Fungua katiba yetu ya 1977 ibara ya 125, kuna Mahakama Maalum ya Katiba ya kuamua mgogoro kati ya Serikali ya Muungano na ya Zanzibar, ipo pale imeandikwa vizuri tu, na haijawahi kukaa kusikiliza shauri hata moja.)

Dalili zilikuwepo, tena za wazi. Juni 2019 Rais Beji Caid Essebsi akiwa na umri wa miaka 92 akakimbizwa hospitali ya jeshi hali mbaya, na nchi nzima ikagundua kwa pamoja kwamba kama rais hawezi kazi chombo cha kulithibitisha hilo hakipo. Akatoka, akarudi tena, akafariki Julai 25, spika akaapishwa siku hiyohiyo, mambo yakaenda kwa amani na kila mtu akasifia, na mi naona zile sifa ndo ziliwaharibu, manake walinusurika kwa ustaarabu wa watu wakadhani wamenusurika kwa mfumo. Dalili ya pili Januari 2021, waziri mkuu Hichem Mechichi kabadilisha mawaziri, bunge likawapitisha, rais akagoma kuwaapisha. Mawaziri wamepitishwa na hawawezi kuingia ofisini, miezi inaenda. Katiba inasema ugomvi wa namna hii upelekwe Mahakama ya Katiba. Ipi sasa?

Huyo rais aliyegoma ni Kais Saied, na hapa uchungu unazidi kwa sisi wa fani, manake jamaa alikuwa mwalimu wa sheria za katiba chuo kikuu. Alishinda Oktoba 2019 kwa asilimia 72 na ushee, hana chama, hana hela, anaongea Kiarabu fasaha kama anasoma khutba, vijana wakamwelewa. Mwaka 2021 bunge likashtuka, likapitisha marekebisho ya kupunguza ile theluthi mbili ili mahakama ipatikane. Saied akarudisha muswada bila saini, hoja yake eti muda uliowekwa na katiba ulishapita kwa hiyo mmeshachelewa. Kisheria ni hoja ya ajabu sana, ni sawa na kusema ukichelewa kulipa deni basi hulipi tena, ila bunge lenyewe lilikuwa limekaa miaka mitano bila kufanya kitu kwa hiyo kelele zao zilikosa nguvu.

Halafu ikaja Julai 25, 2021. Ibara ya 80 ilikuwa inamruhusu rais kuchukua hatua za dharura kukiwa na hatari inayoikabili nchi, lakini isomeni taratibu. Ashauriane na waziri mkuu na spika. Amjulishe rais wa Mahakama ya Katiba. Bunge libaki kwenye kikao muda wote, asilivunje. Na baada ya siku 30 spika au wabunge 30 wanaweza kuiuliza mahakama kama dharura bado ipo. Saied usiku ule akatokea kwenye tivii kazungukwa na wanajeshi na polisi, akamfukuza waziri mkuu, akasimamisha bunge kwa siku 30, akawavua wabunge kinga, na kila kitu akasema anakifanya kwa ibara ya 80. Usiku huohuo Ghannouchi, spika, mzee wa miaka 80, akaenda bungeni Bardo akakuta wanajeshi ndani ya geti, wakamgomea, akabaki amekaa kwenye gari nje ya bunge analoliongoza. Alikuwa na haki ya kuuliza baada ya siku 30, ibara iko wazi kabisa. Angemuuliza nani?

Na msidhani wananchi walilia. Usiku ule barabara ya Habib Bourguiba ilijaa honi na bendera. Korona ilikuwa inaua watu vibaya Julai ile, hospitali zimeelemewa, waziri wa afya kafukuzwa siku chache nyuma, vijana hawana kazi, serikali zinabadilika kila unapogeuka, na watu wanawaona wabunge kwenye tivii wakitukanana na wakati mwingine kupigana kabisa. Mtu wa mikoani, Kasserine au Gafsa, ukimwambia mahakama ya watu 12 haijaundwa anakuona umetokea sayari nyingine. Namwelewa vizuri tu.

Yaliyofuata ni mteremko. Baraza kuu la mahakama likavunjwa Februari 2022, bunge likavunjwa moja kwa moja Machi, Juni 1 majaji 57 wakafukuzwa kwa mpigo, Julai 25 katiba mpya ikapitishwa kwa kura ya maoni ambayo waliojitokeza ni kama asilimia 30, na mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu, mzee Sadok Belaid, akajitokeza hadharani kusema iliyochapishwa siyo waliyoandika wao. Uchaguzi wa wabunge Desemba waliopiga kura ni kama 11 kwa mia. Ghannouchi akakamatwa Aprili 2023. Katiba hiyo mpya nayo ina Mahakama ya Katiba, safari hii majaji 9 watupu, na uchaguzi wa rais wa Oktoba 2024 ukafika haijaundwa. Saied akapata asilimia 90.

Kuna mdau atasema mwalimu unaitukuza sana mahakama, Misri si walikuwa nayo? Kweli, na ni hoja nzito. Misri walikuwa na Mahakama Kuu ya Katiba imejaa majaji, na ndo hiyo Juni 2012 iliyotoa uamuzi uliolivunja bunge lililochaguliwa na watu miezi michache tu nyuma, na jeshi lilipompindua Morsi Julai 2013 rais wa mahakama hiyo, Adly Mansour, ndiye aliyekabidhiwa nchi kwa muda. Kwa hiyo jaji aliyerithiwa kutoka utawala wa zamani anaweza kukuzika na kanzu yake imenyooka vizuri. Hili Watunisia walikuwa wanaliona kwenye habari kila siku, na ndo maana kila chama kiling'ang'ania nani anakaa kwenye kile kiti. Woga wao ulikuwa na sababu, ila kiti walichokigombania kikabaki wazi na wa kwanza kufaidika na uwazi huo akawa mtu asiye wa chama chochote kati ya vyao.

Sasa kuna kipande ambacho wengi hawakijui na kimetokea hapa kwetu Arusha. Wakili mmoja Mtunisia alimshtaki Saied, kwa maana ya kuishtaki nchi yake, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Septemba 22, 2022 majaji wakaamua kwamba zile amri zilivunja haki ya wananchi kushiriki uendeshaji wa nchi yao na haki ya kusikilizwa, hasa kwa sababu hapakuwa na mahakama ya kumpinga rais. Wakaiamuru Tunisia ifute zile amri, irudi kwenye demokrasia ya kikatiba na iwe na Mahakama ya Katiba inayofanya kazi ndani ya miaka miwili. Soma ile hukumu, ni wanasheria wakikaa wanaisoma ibara ya 80 mstari kwa mstari, kazi ambayo ingefanywa Tunis.

Miaka miwili ikaisha Septemba 2024 bila kitu. Machi 2025 Tunisia ikajitoa kwenye lile tamko linaloruhusu raia na asasi kufungua kesi moja kwa moja Arusha, ikifuata njia iliyopitwa na Rwanda 2016 na Tanzania, nchi mwenyeji, Novemba 2019. Kwa msimamo wa mahakama yenyewe tangu kesi ya Rwanda, kujitoa kunaanza kufanya kazi baada ya miezi 12, na kesi zilizofunguliwa kabla ya hapo haziguswi.